Wito wa Mtoni

Nilikuwa bado wa kuvaa kaptula bibi yangu aliponifundisha namna ya kuitikia wito. Ilikuwa siku niliyoondoka Igawa kwenda kusoma bweni, miaka ya sabini, barabara kuu ikiwa bado inanuka lami mpya. Alinishika masikio yote mawili, kama alivyozoea, akasema, "Mume wangu, huko milimani kuna ukungu. Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Nyamaza mpaka uuone uso. Wanaoita bila uso wanatafuta mtu wa kuondoka naye."

Shule ilikuwa ya misheni, ya wavulana watupu, juu ya kilima upande wa Iringa. Hata wakati ule ilikuwa kongwe. Matofali yake yalifyatuliwa na wanafunzi wa kwanza, babu za baadhi ya wenzetu, na majina yao yalikuwa yamechongwa kwa kisu kwenye mabenchi ya bwalo, mengine yamelainika kwa kukaliwa. Mimi mtoto wa Usangu, niliyezoea joto na tambarare, nililia chini ya blanketi kwa baridi na kwa kukumbuka nyumbani. Aliyenizoesha ni Tito, Mnyakyusa wa Tukuyu, ambaye kitanda chake kilipakana na changu. Alinigawia ndizi alizoletewa, akanifundisha kuoga maji ya baridi bila kupiga kelele, nami nikamsimulia onyo la bibi.

Asubuhi moja ya Juni tulitumwa mtoni sisi wawili kuchota maji ya jikoni. Ukungu ulikuwa mzito, Tito nilimwona kama kivuli tu. Tukiwa tumeinama, nikasikia jina langu.

"Anselmi!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, kutoka juu mteremkoni, na ilikuwa na kitu cha nyumbani ndani yake. Hamu ilinijaa kifuani. Nikafungua mdomo.

"Usiitike," Tito alininong'oneza, akanibana mkono. "Hata kwetu wanakataza."

Sauti ikaita tena, safari hii kama inaomba. Tulichuchumaa, tumeshikana. Halafu honi ya lori ikalia huko barabarani, na kukawa kimya.

Tulipofikisha ndoo jikoni, Padri mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba yako hakukukuta?" aliuliza. "Nilimwelekeza mtoni. Amekuja kukuchukua, mwanangu. Bibi yako amefariki."

Nilikimbia hadi barabarani. Hapakuwa na gari. Baba alikuwa amekuja na lori lililoleta mpunga Iringa, nalo lilikuwa linarudi asubuhi ileile, na dereva hakuweza kungoja. Siku ile hatukupata gari jingine la kwenda kwetu. Bibi alizikwa bila mimi.

Jioni, kabla ya kengele ya sala, nilimkuta Tito ameshusha godoro lake na kulitandika sakafuni.

"Msibani watu hawalali kitandani," alisema.

Mvulana mmoja Mhehe akashusha la kwake bila kuuliza. Akafuata Mbena, akafuata Msafwa, kisha hata wale wakubwa waliozoea kututumatuma. Mwishowe bweni zima lilikuwa chini. Mmoja wao akaniuliza, "Bibi yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nikaanza kusimulia, nikilia na kucheka. Padri alipopita kukagua, alisimama kidogo, akavua kofia, akaenda zake.

Baba hakunilaumu. Nilipomweleza wakati wa likizo, alisema, "Ulimtii mama yangu. Ungeniitikia mimi, ungemkosea yeye."

Sasa nina wajukuu. Shule bado ipo, nasikia mabweni yameezekwa upya. Tito alihamia Mbeya mjini kutafuta kazi, tukapoteana, na kila nikipita huko huangalia nyuso za wazee wenzangu stendi. Vijana wangu huniuliza kama ninaamini yale ya kuitwa na wasioonekana. Huwa nacheka tu. Kusema kweli, lile katazo lilininyima maziko ya bibi, na lilinipa matanga ambayo sijaona tena mfano wake: wavulana wa makabila mbalimbali, wamelala kwenye saruji ya baridi kwa ajili ya bibi mmoja wa Igawa ambaye hawakumjua. Naitamani ile sakafu mpaka leo.