Fundi wa Meno ya Siri na Mwanya wa Bibi Harusi

Saa mbili asubuhi, na Priscilla Nduku tayari ameshika kinywa cha mtu kiganjani. Ni kinywa cha plasta, kimekauka vizuri, kina meno yote ya juu na ufizi wake. Anakunja waya nyembamba kwa koleo dogo, anaipachika kwenye meno hayo, anaitazama kwa jicho moja, kisha anaitoa na kuikunja upya.

"Ikizidi unywele mmoja, jino linakwenda nisikolituma," anasema bila kuinua kichwa. "Na huyu sina nafasi ya kumkosea tena. Harusi imebakisha wiki mbili."

Chumba chake kiko nyuma ya kliniki ya Daktari Muhdhar, karibu na soko la zamani la Malindi. Kuna meza, taa, ndoo ya plasta na rafu iliyojaa vinywa vya watu wa mji huu. Nilipoingia nilifunga mdomo wangu barabara, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Yako mawili ya chini yamepandana," aliniambia. "Si mabaya. Ukiwa tayari utaniambia."

Hivyo ndivyo mji unavyomwendea siku hizi, mmoja mmoja na kimya kimya.

Anachotengeneza Nduku ni kibamba cha plastiki ya waridi kinachokaa kwenye kaakaa, mahali pasipoonekana. Kina waya fupi zinazosukuma meno polepole kwa nyuma. Mwenye nacho hukitoa akala, akakiosha, akakirudisha. Ukikaa naye baraza moja akizungumza, utadhani ana kipande cha halua mdomoni.

Hakuna anayekiita kibamba. Wateja wanakiita amana. Wanabisha mlango, wanasema wamefuata amana yao, na yeye hawaulizi zaidi.

Nduku, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, alitoka Machakos akasomea kazi hii Nairobi, kisha akafika Malindi mwaka 1982. Kazi yake kubwa wakati huo ilikuwa meno ya bandia ya wazee. Vibamba vya kunyoosha meno havikuzidi viwili kwa mwaka, vyote vya watoto wa wenye maduka. Mwaka huu wa 1987 anatoa kumi na vitano kwa mwezi, na wengi wanaovivaa ni watu wazima wenye akili zao.

"Hoteli ndizo zilizoanza," anasema. "Mmoja akinyooka, wenzake wote wanajitazama kwenye kioo."

Mmoja wao ni Randu, kijana wa mapokezi katika hoteli moja ya pwani, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yamepishana. Kibamba kilimgharimu shilingi mia saba, karibu nusu ya mshahara wake wa mwezi, naye anasema hajutii hata senti.

"Mgeni akishuka kwenye basi, cha kwanza kuona ni meno yangu," anasema Randu. "Lakini nikivaa chuma mbele, wenzangu watanicheka mpaka nistaafu. Hiki nalala nacho, asubuhi nakiacha nyumbani." Siku hizi Randu anacheka hata pasipo na la kuchekesha.

Baada ya watu wa hoteli wakaja mabibi harusi. Hapo ndipo Nduku alipoingia matatani.

Msichana huyo tumwite Hafidha. Jina si lake, na hata mtaa sitautaja. Alikuwa na jino la chonge lililopanda juu ya wenzake, na kila akicheka alifunika mdomo kwa mtandio. Alipochumbiwa akataka jino lile lishuke kwenye mstari kabla ya harusi. Daktari akakubali, akampa Nduku kazi.

Jino lililopanda halishuki bila nafasi. Nduku akaikagua plasta akaona nafasi ipo, tena hapo hapo katikati, kati ya meno mawili ya mbele. Akaweka waya, akayasogeza meno yale yakakutana, na chonge likaanza kuingia.

"Niliipenda sana ile kazi," anasema. "Nilikuwa naishika plasta yake naitazama tu."

Ni mwanya alioufunga. Msomaji wa mwambao, ambako mwanya ndio urembo wa mwanamke, ameshashika kichwa.

Aliyekuja kumpasha habari ni Bi Zuleikha, somo wa Hafidha, yaani mwanamke mwenye dhamana ya kumtunza na kumfunda bibi harusi mpaka anapotolewa. Nduku alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa mwanya wa mtoto uko wapi.

"Nilidhani amekuja kushukuru," Nduku anakumbuka. "Nikamwambia nimeuziba wote, Bi, hautauona tena. Nikacheka. Yeye akakaa kwenye hicho kiti ulichokalia."

Bi Zuleikha nilimkuta siku hiyo hiyo, amekuja na kikapu chake cha asumini. Chini ya asumini mlikuwa na kikopo cha halua, na ndani ya kikopo mlikuwa na amana. Alinitazama juu hadi chini kabla ya kukubali kuzungumza.

"Sikiza, mwanangu," alisema. "Mama wa bwana harusi katoka visiwani mpaka huku kuja kumtazama mtoto. Karudi kwao hana la kusimulia ila mwanya. Kawaambia jamaa zake wote, mkaza mwanangu ana mwanya kama umekatwa kwa mkono. Haya, siku ya siku nimfunue bibi harusi hana mwanya? Watasema tumewabadilishia mtoto."

Hilo halikuwa jambo la mzaha. Kwa Hafidha ilikuwa ndoa yenyewe. Kukiri kwamba alivaa waya kungekuwa sawa na kukiri kwamba alikuwa na kasoro iliyofichwa, na kunyamaza kungewaacha wakwe wanong'one.

Nduku hakumsingizia mtu. "Daktari aliagiza chonge lishuke. Njia ya kulishusha nilichagua mimi," anasema. "Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Nyanya yangu kule Machakos alichongwa meno ya mbele yakawa makali, na hiyo kwao ndiyo ilikuwa sura nzuri. Nimekua nikiyaona. Halafu nakuja hapa nanyoosha kama kitabu cha Nairobi kilivyosema."

Daktari Muhdhar ndiye aliyepata njia. Aling'oa gego dogo moja la pembeni ili chonge lipate nafasi yake huko nyuma. Kisha ikabidi meno mawili ya mbele yarudishwe yalikotoka. Nduku akatengeneza kibamba kipya, safari hii cha kufungua. Yalianza kusogea, lakini kwa uvivu, na miezi ikawa inakwisha.

Dua za harusi zilikuwa zimeanza kusomwa Nduku alipogundua kwamba angehitaji waya ya mbele, ile inayoonekana. Nani angekubali waya usoni mwa bibi harusi?

"Bi Zuleikha ndiye aliyeniokoa," anasema Nduku, na hapa koleo analiweka chini kabisa. "Akaniambia, mtoto anawekwa ndani wiki ijayo. Haonwi na mtu ila mimi. Mtie unachotaka."

Basi wakati msichana anasuguliwa liwa na kufukizwa udi, waya ilikuwa ikifanya kazi yake mchana na usiku. Mawifi wakija kusalimu, Bi Zuleikha aliwazuia mlangoni akisema bibi harusi amelala. Mji mzima ulishangaa jinsi msichana yule alivyokuwa mpenda usingizi.

Kipimo chao kilikuwa njiti ya kiberiti. Ile plasta ya kwanza kabisa, iliyochukuliwa kabla kitu hakijaguswa, ilipitisha njiti katikati ya meno bila kubana. Asubuhi ile nilipokuwa pale, plasta mpya haikuipitisha. Nduku aliikunja waya mara ya mwisho, akaitia kwenye kikopo cha halua, na Bi Zuleikha akaenda zake na asumini juu.

Nilirudi wiki tatu baadaye. Nduku alikuwa amejifunga leso mpya, zawadi, na alianza kusimulia kabla sijakaa.

Usiku wa kuamkia harusi njiti ilipita. Waya ikatolewa, akavishwa kibamba cha ndani cha kuushika mwanya usizibike tena. Na siku ya kutolewa bibi harusi mbele ya wanawake, Nduku alialikwa, akakaa nyuma kabisa karibu na masinia ya pilau.

"Sasa wewe fikiria," anasema. "Bibi harusi ameketi, amepambwa, macho chini, mdomo ameufumba. Hacheki. Kumbe kwao bibi harusi hacheki! Miezi yote ile, jino limeng'olewa, na mwanya wenyewe hauonekani. Nilitaka kulia na kucheka pamoja."

Kisha mama mkwe akapanda jukwaani, akaketi karibu na Hafidha, akamshika kidevu.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nionyeshe mwanya wangu."

Hafidha hakuinua macho. Alifungua midomo kidogo tu, na mama mkwe akatazama, akatazama tena, akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe. Vingine vikafuata mpaka Nduku hakusikia kilio chake. Analia tena anaponisimulia, wala hajifichi.

Jumatatu yake mlango ulibishwa mapema. Aliingia mama mmoja ndani ya buibui, ameshika mkono wa binti yake. Nduku alimtambua kwa sauti. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, nimesikia wewe una mkono," alisema mama yule kwa sauti ya chini. "Huyu wifi yake bibi harusi, meno yamembana. Nataka apate mwanya kama wa mke wa kakake. Yule kazaliwa nao, huyu hakujaaliwa. Lakini watu wasijue."

Nduku alichanganya plasta, akamwomba binti afungue mdomo, akachukua kipimo. Juu ya rafu, nyuma ya mgongo wa mama yule, vinywa vyote vya Hafidha vilikuwa vimepangwa kwa mstari. Hakugeuka kuvitazama. Alisema tu kwamba amana itakuwa tayari Alhamisi.

Siku hizi kila mteja, awe wa hoteli au wa mji wa kale, Nduku humuuliza swali moja kabla ya yote: mwanya ubaki, uondoke, au utengenezwe? Kwa mshahara wake wa shilingi elfu mbili na mia mbili anaweka akiba, na amekwisha kuonyeshwa kiwanja Kibarani, Kilifi, ambako anataka kufungua karakana yake mwenyewe. Dada yake Easter amekubali kuja kufanya naye kazi.

Nilimuuliza kibao cha mlangoni atakiandika nini. Alicheka, na mimi kwa kusahau nikacheka naye, meno yangu yote nje.

"Kibao kitasubiri," alisema. "Mlango wa nyuma ndio nitakaoujenga kwanza."