Simu ilinyamaza Nairobi, Loyce akarudi tena na kuku wake

Jua la alasiri limeanza kulegea mjini Nduguti, na kuku wa mwisho, jogoo mwekundu mwenye fujo, anasukumwa ndani ya tenga. Loyce Msengi anafunga kamba, analitikisa tenga kuhakikisha halichezi, kisha anamwomba dereva wa Fuso amsubiri kidogo.

Anaketi juu ya gunia la pumba. Kutoka kwenye pochi iliyofungwa kiunoni anatoa simu mbili, moja simu janja, nyingine kitochi cha vibonye kilichofungwa mpira ili mfuniko usidondoke.

Anaitoa laini yake ya Tanzania kwenye simu janja na kuiweka kwenye kitochi. Kwenye simu janja anaingiza laini ya Kenya. Anaiwasha, anaitazama, anairudisha kwenye pochi. Safari ya Nairobi sasa inaweza kuanza.

“Wenzangu wengi hufanya hivi wakifika Namanga,” anasema. “Namanga kuna foleni, kuna maofisa wa mifugo, kuna wabadilisha fedha wanakuvuta huku na huku. Utasahau tu. Mimi namaliza hapa hapa nyumbani.”

Loyce ana miaka 38. Ni mzaliwa wa Ulemo, wilayani Iramba, na aliolewa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, na Elisha Kitundu, mkulima wa alizeti na mtama. Wana watoto watatu.

Alianza kwa kukusanya kuku wa kienyeji vijijini na kuwauza kwa wachuuzi wa Singida mjini. Baadaye akaona wachuuzi hao wanapata zaidi yake kwa kuku wale wale, akaanza kuwapeleka Arusha mwenyewe. Huko ndiko alikokutana na Njoki, mfanyabiashara wa Nairobi anayepelekea hoteli kuku. Njoki alipenda kuku wake, akamwambia awe anavuka nao mpaka.

Safari ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, Loyce anaikumbuka vizuri kuliko anavyotaka.

Alikuwa na kuku mia mbili na vibali vyote mkononi. Akiwa Arusha alimuuliza kijana wa duka la vocha kuhusu kupiga simu akiwa Kenya. Kijana alimwambia asiwe na wasiwasi, aweke salio la kutosha tu na laini yake itafanya kazi kama kawaida. Loyce akaweka shilingi elfu thelathini, pesa ambayo nyumbani humtosha miezi miwili.

“Hakunidanganya,” anasema Loyce. “Ilifanya kazi kweli. Ila hakuniambia inakula kiasi gani.”

Alivuka Namanga asubuhi akiwa amewasha data. Zikaingia jumbe kadhaa za Kiingereza ambazo alidhani ni za kumkaribisha Kenya. Kuku walihamishiwa kwenye pikapu ya Kenya, naye akaketi mbele na dereva, simu ikiwa kwenye pochi.

Asubuhi hiyohiyo, kule Ulemo, kamati ya harusi ya mdogo wake ilikuwa inachagua vitenge. Katika kundi lao la WhatsApp watu walituma picha na video kila dakika. Simu ya Loyce, bila yeye kuigusa, ilipokea zote kwa bei ya romingi, yaani gharama ya kutumia laini ya nyumbani ukiwa nchi nyingine. Kabla hawajafika Kajiado, salio lote lilikuwa limekwisha.

Yeye hakujua. Alipoitazama simu aliona alama za mtandao zimejaa, akaridhika.

Wakati huo Njoki alikuwa anampigia bila kukoma. Soko walilokubaliana kukutania lilikuwa limefungwa siku hiyo kupuliziwa dawa, na alitaka kumwelekeza kwenye banda la ndugu yake upande wa pili wa jiji. Lakini ukiwa nje na laini ya nyumbani, Loyce anaeleza, hata simu unayopigiwa unakatwa salio wewe. Salio likiisha, huipati.

Pikapu ikamfikisha kwenye geti lililofungwa. Dereva alikuwa na mzigo mwingine wa kuwahi. Akamsaidia kushusha matenga kando ya ukuta, akamtakia heri, akaondoka.

“Nilijua Njoki yuko njiani,” anasema Loyce. “Nikasema, huyu ni mtu wa mjini, labda amekwama kwenye foleni. Nikakaa.”

Jua likapanda. Ukuta ukakosa kivuli. Kuku walianza kuhema midomo wazi, wakilaliana. Loyce alivua khanga ya juu akafunika matenga mawili, akatafuta maji kwa watu, akawa anawanywesha kwa kifuniko cha chupa. Wa kwanza akafa mbele ya macho yake, kisha watatu kwa mpigo.

Hapo ndipo alipompigia Njoki, na sauti ikamwambia salio lake halitoshi. Alinunua vocha kwenye kibanda cha jirani, ikakataa kuingia, kwa kuwa ilikuwa ya Kenya na laini yake ya Tanzania. Alisimama pale, anasema, akiona aibu kumwomba mtu simu katika mji ambako hamjui yeyote.

Mwishowe alimwendea mama aliyekuwa anauza chai ng’ambo ya barabara. Mama yule hakumwacha hata amalize kujieleza, akampa simu yake. Njoki alipokea na kumuuliza jambo moja tu.

“Loyce, nimekupigia tangu asubuhi. Mbona hushiki simu?”

Alifika na gari baada ya nusu saa. Kuku arobaini na mmoja walikuwa wameshakufa.

Nduguti nako hakukuwa shwari. Elisha alikuwa amempigia mkewe tangu saa tano, simu haipatikani. Alipanda pikipiki hadi Iguguno, akadandia basi hadi Singida mjini kuwauliza wachuuzi wa kuku kama kuna ajali waliyoisikia. Jioni Loyce alipompigia kwa simu ya Njoki, Elisha aliona namba ngeni ya nje ya nchi, akaikata. Alikuwa ameonywa kuhusu matapeli. Ilipoita mara ya tatu ndipo akapokea.

Elisha, mtu mpole anayeongea huku akitazama mikono yake, anasema kilichomuumiza hakikuwa hasara.

“Kuku hufa hata hapa nyumbani. Mimi siku nzima sikujua kama bado nina mke.”

Loyce aliporudi, kikao cha familia kilikuwa kinamsubiri. Mama mkwe wake, Anastazia, ndiye aliyesema kwa ukali zaidi. Alisema biashara ya Singida inatosha, na kwamba watoto wanamhitaji mama aliye hai, si mama tajiri. Loyce alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akaomba safari moja tu nyingine.

Alikuwa na sababu ya kuiomba. Siku moja kabla hajarudi, Njoki alimpeleka kwa wakala wa simu jijini Nairobi, akasajiliwa laini kwa pasipoti yake mwenyewe. Ushauri wa Njoki ulikuwa mfupi. “Ukija kwetu tumia laini ya kwetu. Ya huko iache ilale.”

Elisha alikubali, kwa sharti kwamba mkewe akifika, amwone kwa macho yake.

Safari ya pili Loyce alivuka mpaka, akanunua bando la wiki kwenye laini ya Kenya, na alipofika sokoni akapiga simu ya video. Elisha alikuwa kwenye mashine ya kusaga pamoja na majirani. Wote walisogea kutazama. Waliona magari, wakaona matenga, wakamwona Njoki akiwapungia mkono. Anastazia alipopewa simu hakuuliza habari za Nairobi. Alimuuliza mkwe wake kama amekula.

Tangu hapo Loyce huvuka kila baada ya wiki mbili. Safari ikienda vizuri, baada ya nauli, vibali na chakula cha kuku, hubakiwa na kati ya shilingi laki mbili na nusu na laki tatu. Mawasiliano ya safari nzima, anasema, hayamgharimu zaidi ya bei ya jogoo mmoja mdogo.

Wengi humuuliza kama akibadili laini watu watampataje WhatsApp. Huwajibu kwamba namba ya WhatsApp inabaki ile ile ya zamani, laini mpya kazi yake ni kuleta mtandao tu. Laini ya nyumbani nayo iko hai ndani ya kitochi, ambacho hakina data ya kuliwa. Ujumbe wa maandishi unaingia. Akipigiwa, hapokei. Anatazama nani kapiga, kisha anamtafuta kwa WhatsApp.

Tatizo ni wale wasio na simu janja. Mmoja wao ni Mzee Gabrieli, ambaye humkusanyia kuku vijijini na hatumii WhatsApp. Ili kumfikia, Loyce humtumia Elisha ujumbe wa sauti, naye Elisha humpigia mzee, akianza kwa shikamoo na habari za mifugo kabla ya kufikia idadi ya kuku wanaotakiwa.

“Elisha ndiye mnara wangu,” anasema Loyce, na mumewe anacheka chini chini.

Habari za mama wa kuku asiyeliwa salio zimesambaa. Happiness Mkumbo, anayepeleka vitunguu Nairobi kutoka Ikungi, alisafiri hadi Nduguti kumwona. Awali yeye alikuwa anazima simu kabisa akishavuka, kwa kuogopa makato. Katika safari moja mama yake mzazi alilazwa, na yeye akaja kujua siku nne baadaye, aliporudi Arusha na kuiwasha.

“Mama alipona, Mungu ni mwema,” anasema Happiness. “Lakini alikuwa ananiita mimi. Kila nikikumbuka naona niliokoa vocha nikamtupa mama.”

Loyce alimkalisha kwenye gunia la pumba na kumfundisha kama anavyowafundisha wote, kwa kumfanya abonyeze mwenyewe. Humwambia kila mmoja azime data ya laini ya nyumbani kabla hajasinzia garini, na asinunue barabarani laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwani ikifungwa hana wa kumlalamikia. Mtandao wa bure wa nyumba ya wageni huutumia kuongea na watoto, ila mambo ya pesa hayagusi humo.

Hatozi chochote. Anasema mama wa chai hakumtoza.

Sasa anatazama upande mwingine. Njoki amempatia mteja Kampala, na Loyce anapanga kupeleka mzigo wa kwanza huko baada ya mavuno ya alizeti. Hamjui mtu yeyote Uganda zaidi ya mteja huyo, na hilo halimtishi. “Nikivuka tu natafuta wakala wa laini. Kuku watanisubiri dakika kumi kivulini,” anasema.

Safari hiyo hataki kwenda peke yake. Amemshawishi Elisha aombe pasipoti, na maombi yameshapelekwa. Elisha, ambaye hajawahi kutoka nje ya Tanzania, anakiri kwamba anatamani kulikanyaga soko la Nairobi kwa miguu yake mwenyewe kabla hawajafika Kampala. Kuna jambo moja tu linalomkwaza.

“Nikiondoka na mimi,” anauliza, “simu huku atapokea nani?”

Anastazia yuko mlangoni pa jiko, anapepeta mchele. Hainui kichwa.

“Nitapokea mimi,” anasema. “Nionyesheni tu pa kubonyeza.”