Mchanga wa Kusugulia Sufuria

Nikisikia mtu anasema Mama Cliff ni mjinga, damu inanichemka. Mjinga? Mimi Teresa nimepasua mbuta naye kwenye banda la samaki hapa kisiwani Takawiri tangu tukiwa wasichana. Jina lake la ubatizo ni Emmaculate, na nyumba yake ungeweza kula chakula sakafuni.

Kipindupindu kilimchukua Cliff, mwanawe wa pekee, pamoja na mkewe. Kikamwachia mjukuu, Valentine. Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: huyu mtoto anywe maji ya ziwa na asife. Ndiyo maana mradi wa maji ulipoleta mashine ya kusafisha maji machafu ya banda na ya vyoo vya soko kabla hayajarudi ziwani, yeye ndiye aliyepewa ufunguo. Hakuna aliyembishia.

Ndani ya tangi mlikuwa na sahani bapa, zimefunikwa utando mweupe wenye matundu madogo hata jicho haliyaoni. Maji yanapita, uchafu na vijidudu vinabaki. Wesley, fundi kutoka Homa Bay, alimwonyesha: utando ukishika ute, uloweke kwenye dawa. Basi. Usisugue, hakusema. Kwa nini hakusema? Mpaka leo nikimkumbuka nasonya.

Halafu mbuta wakaja kwa wingi. Yawa, tulifurahi! Siku zote mafuta ya matumbo tunayakaanga, lakini safari hii nani alikuwa na nafasi? Tukayamwaga mferejini pamoja na damu na makamasi ya samaki. Zile sahani zikavaa utelezi mnene wa kahawia. Maji yakakataa kupita, tangi likaanza kufurikia pale pale ziwani tunapoteka maji ya kunywa. Na dawa ilikuwa imeisha.

"Nakuja, mama, nikipata boti," Wesley alimjibu kwenye simu. Hakuja.

"Teresa, tutakaa tu tukitazama?" Mama Cliff akaniuliza. Alikuwa anaogopa, nilimwona.

Sasa sisi wanawake wa ziwani, chombo kikichafuka tunakipeleka ufukweni na kukisugua kwa mchanga mpaka king'ae. Mke mwenye sufuria ya masizi husemwa kijiji kizima. Tukazitoa zile sahani, tukachuchumaa majini, tukasugua huku tukiimba. Zikawa nyeupe pe! Tulipozirudisha, maji yakatoka kwa kasi kuliko hata siku ya kwanza. Tukapiga vigelegele. Mama Cliff alilia kwa furaha, akamvuta Valentine kifuani, akamchotea kikombe cha maji ya ziwa.

"Kunywa tu, mtoto wangu," akamwambia. "Kunywa ushibe."

Wesley alipofika hatimaye, aliinua sahani moja juani. Ilikuwa na mikwaruzo kila mahali.

"Mama, mmechana utando," akasema. "Kinyesi na kila kitu kinapita moja kwa moja."

Valentine alikuwa ameanza kutapika tangu asubuhi, na sote tulikuwa tumesema ni samaki aliyelala. Tulimpakia kwenye boti tukikimbilia hospitali. Alikata roho mikononi mwa nyanyake kabla hatujafika Mbita, na boti ikaendelea tu kwenda.

Kwenye matanga watu walikuwa wengi, sufuria kubwa tulizoazima zikajaa masizi. Jirani yetu Susana, mtu mwema, akazibeba hadi ufukweni na kuchota mchanga kama kawaida. Mama Cliff aliposikia ule mkwaruzo wa mchanga kwenye sufuria, alitoka nyumbani mbio, bila viatu, akamkamata Susana mikono yote miwili.

"Wacha!" alipiga kelele. "Wacha ikae na uchafu! Susana, nakuomba, wacha!"

Nilimshika nikamkalisha chini. Zile sufuria tulizirudisha kwa wenyewe zikiwa nyeusi hivyo hivyo, na hakuna aliyeuliza.