Mkono wa Fundi Kaneza

Mkono wa kulia wa Kaneza niliuvunja mimi. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu hapa Mwamgongo kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na katika masimulizi yao mkono ulivunjika wenyewe, utadhani ni chungu kilichoanguka. Haukuvunjika wenyewe. Nilikuwa na kafi, na nimebeba ndoo za dagaa kwa miaka ishirini na sita, nguvu ninazo.

Kaneza ni mtoto wa Mwandiga. Baba yake, mzee Harerimana, alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akalima mihogo, akapewa uraia, akazeeka. Binti amezaliwa hapahapa, na Kiha anakisema kuliko wanangu, lakini akikosana na mtu neno la kwanza analotupiwa ni Mrundi. Kwenye chuo cha ufundi walikuwa wasichana wawili darasa la umeme, mwenzake akaacha, yeye akabaki. Siku moja pale Kibirizi mpagazi alimshika makalio akiwa na betri begani. Kaneza aliitua betri taratibu, maana betri ni ghali, kisha akamng'oa yule bwana jino. Habari hiyo ilipotufikia nilimpenda hata kabla sijamwona.

Wakati huo sisi tulikuwa chini ya Yona. Yona alikuwa na jenereta ya dizeli, na aliyekuwa na jenereta ndiye aliyekuwa na kijiji. Aliwasha alipotaka, akazima alipotaka. Ukimkatalia kumuuzia dagaa kwa bei yake, waya wako unakatwa, na kama una harusi, unakatwa siku ya harusi. Ziwa likichafuka na dizeli isifike kutoka Kibirizi, tunakaa gizani wiki nzima, yeye akituambia tumwombe Mungu. Moshi wa mashine yake uliingia zahanati kupitia dirisha la chumba cha kujifungulia. Watoto wetu wengi hewa yao ya kwanza ilikuwa na harufu ya dizeli, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogeze mashine.

Kikundi chetu cha wanawake waanika dagaa ndicho kilichomwita Kaneza. Alikuja na mtumbwi uliojaa paneli za jua, akakagua paa la zahanati, akakuta mchwa wameshalila. Basi akaamua kuzipanga paneli ufukweni, juu ya fremu fupi za chuma, nyuma kidogo ya chanja zetu za kuanikia. Siku ya tatu ya kazi Yona alifika na panga, nyuma yake wanaume wawili. Alikata nyaya kwanza. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Alphonce, alipomsogelea aongee naye kiungwana, Yona alimpiga ubapa wa panga sikioni, akampiga tena akiwa chini, damu ikamwagika mpaka kwenye kola. Wanaume wa kijiji walisimama wakitazama miguu yao. Kaneza ndiye aliyeteremka kwenye ngazi iliyoegemea nguzo ya nyaya, spana kubwa mkononi. Alimpiga Yona gotini, tukasikia gegedu likilia, na wale wawili wakambeba bwana wao kama gunia la mihogo. Yona anachechemea hadi leo, na huruma nimeitafuta sijaipata.

Jioni ileile nyaya ziliungwa. Zahanati iliwaka, kisha nyumba moja baada ya nyingine, na kilichonitoa machozi si mwanga, ni ukimya. Kwa mara ya kwanza nilisikia ziwa nikiwa ndani kwangu na taa inawaka.

Kabla hajaondoka Kaneza alitufundisha. Paneli zisitiwe kivuli, nguo zisianikwe juu yake, watoto wasirushe mawe. Dagaa hakuwataja. Angewatajaje? Kwao Mwandiga wanaanika mihogo, na wanaianika juu ya miamba. Sisi nasi hatukuuliza, maana huulizi jambo ambalo bado halijakujia akilini.

Lilinijia mimi. Masika yalianza kwa mvua ya siku tatu mfululizo, chanja zikajaa, dagaa wakaanza kunuka. Siku ya nne jua lilitoka kali. Mchanga ulikuwa umelowa, na dagaa wa mchanga hata hivyo hana soko. Mbele yangu zile paneli zimelala, nyeusi, safi, zimeinama kidogo maji yachuruzike, na nilipoweka kiganja nikakuta zina moto kuliko bati. Nilimwaga ndoo moja. Baada ya saa chache dagaa walikuwa wamekauka vizuri ajabu, wanang'aa. Jirani akaona, akamwaga zake. Kufikia kesho yake hapakuwa na paneli hata moja isiyo na dagaa, na wanawake wakanisifu kwamba Mama Kelly ana akili. Nilizipokea hizo sifa.

Taa zilianza kufifia, tukasema ni ile mvua ya siku tatu. Jioni ya siku ya tatu binti yangu Kelly alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa pili. Mtoto alipoanza kutoka, zahanati ilizimika. Nesi, Mwanvua, aliibana simu yenye tochi kwa meno, akamtoa mtoto, lakini damu haikukatika. Palipopambazuka wakampakia Kelly kwenye boti ya injini pamoja na kichanga, mumewe na Mwanvua, kwenda hospitali mjini Kigoma. Nafasi yangu haikuwepo. Nilibaki na kanga zake tatu zilizolowa damu.

Nilikuwa nazifua ziwani mtumbwi wa Kaneza ulipofika. Alphonce alikuwa amempigia simu kwamba umeme umekufa, akaja mbio. Ufukwe ulikuwa umejaa watu, na Yona alikuwa katikati yao na fimbo yake, akisema alichokisema tangu alfajiri, kwamba Mrundi ametuuzia vioo, kwamba mtoto wa Mama Kelly anakufa kwa sababu ya vioo. Kaneza hakujua lolote. Aliruka kwenye maji yaliyomfika magotini, mkoba wa vifaa kichwani, akatusalimia kwa Kiha, kwa uchangamfu, mwakeye.

Jiwe la kwanza lilimpata shavuni. Mkoba ukaanguka, koleo na bisibisi zikazama. Mtu alimvuta nywele, mwingine akampiga teke la tumbo, akaanguka kwenye maji, akainuka, akaangushwa tena, na wanawake niliokula nao ugali miaka yote walimkanyaga mgongoni wakimwambia arudi kwao. Nilipiga kelele, lakini si za kumwokoa. Nililiona lile kafi limelala kwenye mtumbwi wake mwenyewe. Nililishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nalenga kichwa, na hilo sijawahi kumwambia padri. Yeye akakinga kwa mkono.

Mlio wa mfupa ulikuwa mdogo. Nilitaka kupiga tena.

Kaneza alikuwa amepiga magoti kwenye maji ya tope, uso umevimba, mkono umening'inia vibaya. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kule juu ufukweni. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dagaa wale juu ya paneli ni wa nani?"

Sote tuligeuka. Jua lilikuwa limeshapanda na paneli zote zilikuwa nyeupe kwa dagaa, toka ya kwanza hadi ya mwisho. Akatueleza kwa maneno machache, akikatwa na pumzi, kwamba paneli hula jua, na sisi tulikuwa tumezifunika uso siku tatu. Nilikuwa bado nimelishika kafi. Nikatapika palepale kwenye maji niliyokuwa nafulia damu ya mwanangu.

Walimrudisha kwenye mtumbwi apelekwe hospitali. Hata akiwa amelazwa mle, meno yanagongana kwa maumivu, alimwagiza Alphonce tuzioshe paneli kwa maji na sabuni na kitambaa laini, tusikwangue. Tulikwenda, tukaosha. Kesho kutwa yake taa ziliwaka. Kelly alipona, na mtoto wake pia. Alipokuwa wodini alimwona Kaneza akiletwa, akaambiwa kilichotokea, na nilipofika na uji wake aliusukuma pembeni, akaniuliza kama mikono yangu nimeinawa. Sikumwambia ni mimi. Niliitazama mikono.

Mkono wa Kaneza uliunganishwa vibaya. Vidole viwili havikunjiki, bisibisi hawezi kuishika. Wiki saba baadaye alirudi Mwamgongo akiwa bado na bandeji, Alphonce akaitisha mkutano asubuhi kwenye uwanja wa shule. Yona naye alikuja, akasema kijiji kisijisumbue, mashine yake ipo na dizeli ipo. Wapo waliotikisa kichwa kukubali, maana ni rahisi kurudi kwa mtu anayekuonea kuliko kumtazama usoni uliyemwonea. Fundi mwingine wa kuvuka ziwa kuja kwetu hakuwepo. Kaneza akigoma, betri ya kwanza kuharibika ingeturudisha kwenye moshi, na chumba cha kujifungulia kingerudi kuwa cha Yona.

Kaneza alisimama. Alisema anaweza kuajiri kijana wa kumshikia vifaa, kazi ataiendesha, lakini kwa sharti moja. "Sifanyi kazi kwa watu wasio na majina," alisema. "Aliyenivunja mkono ajitaje."

Watu wakaanza kusema tulikuwa wengi, ilikuwa vurugu, maji yalichafuka, nani aliona. Kila mmoja aligeuka kuwa aliyesimama mbali siku ile. Mtu akisikiliza angedhani Kaneza alijipiga mwenyewe. Yona alikuwa anatabasamu, kwa kuwa alijua kukana kule ni ushindi wake.

Nikasimama. Nikasema ni mimi Winfrida, kwa kafi, nililenga kichwa. Nikasema na dagaa wa kwanza walikuwa wangu.

Nilitegemea wataona haya. Hawakuona. Niliona nyuso zao zikifunguka kwa furaha, kama watu waliookota walichopoteza. Sasa mwenye kosa alikuwa mmoja, nao wakawa wasafi. Aliyemvuta nywele Kaneza alikuwa wa kwanza kunifikia, akanizaba kofi. La pili lilitoka kwa jirani aliyenisifu akili. La tatu sikuliona limetoka wapi, lakini lilinilaza chini, kisha mguu ukanipata mbavuni, na nikasikia mtu anaomba apewe fimbo.

Kupitia katikati ya miguu yao nilimwona Kaneza. Alikuwa ameketi kwenye benchi palepale, mkono wenye bandeji mapajani, ananitazama machoni. Hakuharakisha. Nilipigwa tena, na tena, ndipo akainuka, akasema inatosha, akapita katikati yao akamwendea mmoja mmoja akimuuliza jina lake, na yeye siku ile alishika nini.

Kazi anaifanya mpaka leo. Kwa nini alichelewa kuinuka sijawahi kumuuliza. Ningekuwa mimi kwenye lile benchi, nisingeinuka.