Besi wa Ghorofa ya Nne na Chupa za Bibi Tsonka

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Mwandishi ameapa mbele ya majirani, mkono juu ya mkate, na asiyeamini afike Ruse, ukingoni mwa mto Danube, aulize nyumba ya mwimbaji. Ataoneshwa.

Ni asubuhi. Lyuben Zhechev, mwimbaji wa opera, amesimama jikoni kwake ghorofa ya nne, miguuni soksi za sufu, kiganja juu ya bomba la joto linalopita ghorofa zote. Anaanza katikati, kisha anateremka noti baada ya noti, kama mtu anayeshuka ghalani chini ya nyumba gizani bila kushika ukuta. Anapofika chini kabisa, anaikamata noti na kutulia nayo.

Ghorofa ya tatu, stoo ya Bibi Tsonka inaitikia. Chupa za lutenitsa, lile rojo la nyanya na pilipili hoho za kuokwa, zinatetemeka rafuni na vifuniko vinalia. Bibi anachukua kijiko, anagonga bomba mara moja. Maana yake: imefika.

Kisha Lyuben anapanda juu. Huko juu, sauti ikikwaruza, bomba hugongwa mara mbili. Wamekuwa wakifanya hivi tangu nywele za Lyuben zilipokuwa nyeusi.

"Wengine hugongewa bomba wanyamaze," anasema. "Mimi nagongewa nirudie."

Lyuben alikuja mjini akiwa kijana, kuendesha winchi bandarini. Siku moja ya ukungu honi ilikataa, akawaonya wapakizi kwa mdomo, na meli iliyokuwa ng'ambo ya mto, upande wa Romania, ikatia nanga ikidhani imeamriwa. Mwandishi alikuwa fundi pale bandarini na aliiona kwa macho yake. Kwaya ya bandari ikamchukua Lyuben, na baadaye jumba la opera.

Sauti yake ni besi-baritoni: mguu mmoja ghalani, mwingine darini. Mshahara wake haujawahi kupasha joto zaidi ya chumba kimoja wakati wa baridi.

"Jukwaani, wenye sauti nyembamba ndio wanaobusu," anasema. "Sisi tunalaani, tunafungisha ndoa, tunakufa. Marehemu mke wangu aliacha kuja. Alisema, 'Nikutazame ukifa, halafu nirudi nikupikie?'"

Msimu huu jumba linarudisha opera ambayo Lyuben amekuwa Ibilisi wake kwa nusu ya maisha yake. Safari hii kuna kijana kutoka Varna anayeitaka nafasi hiyo, na kiongozi wa okestra, Bi Galabova, akaamua kuwasikiliza wote wawili Ijumaa. Ibilisi huyo ana noti moja ya juu, peke yake, okestra ikiwa kimya. Mwimbaji wa umri wa Lyuben ikimvunjikia pale, hapewi mkataba mwingine.

Wiki nzima alifanya mazoezi, na kila alipopanda juu bomba likagongwa mara moja tu. Koo lake lilimwambia mengine. Alhamisi akaamua kumjaribu Bibi: mahali pa noti ya juu akatoa mlio wa mbuzi anayevutwa sikio.

Bomba likagongwa mara moja.

Lyuben akashuka na soksi zake.

"Bibi, hiyo ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana, mwanangu."

"Ilikuwa mbuzi."

Bibi Tsonka akaweka kijiko mezani. "Basi nikwambie nini? Juu kumekwisha. Tangu Pasaka."

"Na ukaniacha niende kuaibika mbele ya watu?"

"Ningekwambia, ungeacha. Ukiacha, hili bomba nimgongee nani? Huyu Asen wa mlango wa pili anayekoroma?"

Lyuben hakucheka. Alikuwa anageuka kuondoka, Bibi akamshika mkono wa sweta na kumvuta mpaka stoo.

"Imba ya chini. Hapa hapa. Hujawahi kuisikia ukiwa huku."

Akaimba. Chupa zote zikaanza kwa pamoja, rafu ya juu, ya kati, ya chini. Lyuben aliendelea hadi pumzi ikamwishia, kisha akakaa juu ya gunia la viazi.

"Zamani zilikuwa zinalia hivi?"

"Zamani ilikuwa rafu ya chini tu, mwanangu."

Ijumaa alimwambia Bi Galabova kabla piano haijafunguliwa: Ibilisi mpe kijana. Mama yule akavua miwani.

"Umekuja kuniambia hivyo tu?"

"Nimekuja kuomba nafasi ya mlinzi wa gereza."

"Mlinzi ana mistari minne, Lyuben. Na yote iko chini ya sakafu."

"Ndiyo maana."

Alimsikiliza, akamwandikia mkataba wa msimu mmoja, wa majaribio. Mwakani, Lyuben anasema, anataka mfalme mzee, yule anayezikwa mwishoni. "Wa juu wana miaka yao, na yangu imepita. Chini ndiko naanza."

Makala haya yalipokamilika, Bibi Tsonka alitaka asomewe. Alisikiliza hadi pale mwandishi alipoeleza kwamba noti ile ya stoo ilirusha kifuniko cha chupa moja hadi darini, na rojo lote likamwagika.

"Soma tena hapo."

Akasomewa.

"Ya meli nakuachia, hayo ni ya Waromania. Lakini chupa yangu, Asen! Iliyomwagika hukutwa imekombwa kwa kijiko? Na mkate uliouapia, si ndio uliouchovya humo?"

Lyuben aliulizwa kama aliona kifuniko kikiruka. Akatazama dari. "Mimi ni mwimbaji," akasema. "Nafumba macho."

Sentensi ile imefutwa. Mwandishi wa makala haya sasa yuko uani nyuma ya jengo, beseni miguuni, akimenya gunia zima la pilipili hoho za Bibi Tsonka, zimetoka motoni sasa hivi. Juu, Lyuben yuko kwenye mistari yake minne, na dirisha la stoo linatetemeka. Bibi anakagua pilipili ya kwanza, anaona ganda lililobaki, kisha anagonga beseni kwa kijiko.

Mara mbili.