Fundo Chini ya Kwapa

Fundi niliyekuwa nashona naye chumba kimoja alikuwa na magauni saba, na yote aliyafumua mkono wa kushoto. Tangu aondolewe titi, kitambaa kikimgusa tu chini ya kwapa alihisi moto unashuka hadi kiwikoni. Miaka mitatu hiyo. Pasi tulimpigia sisi wenzake.

Kliniki alisindikizwa na dada yake mkubwa, aliyemlea. Huyo dada, mdomo wake hauna breki. Akiulizwa mgonjwa, anajibu yeye. Kila mara walirudi na vidonge vya usingizi.

"Wamesema ni mawazo," fundi alituambia.

Nasi, sitaficha, tuliamini. Tukamwambia ajikaze.

Mwaka huu dada alisafiri, nikaenda naye mimi. Daktari wa upasuaji alikuwa mpya, mama wa maneno machache. Alimbonyeza kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka akafika mahali fundi alipopiga ukelele. Akamchoma ganzi papo hapo. Baada ya dakika chache fundi aliinua mkono juu ya kichwa, akaukodolea macho.

"Mshipa wa fahamu ulikatwa kwenye ile operesheni," daktari akasema. "Ncha yake imefanya fundo. Nitalitoa, kisha ncha niizike ndani ya msuli, isiguswe tena."

"Kumbe kama sisi na uzi," fundi akasema. "Unaufichia ndani ya pindo."

Wiki ya sita baada ya kupasuliwa, alipiga pasi mwenyewe. Siku hiyohiyo tulirudi kliniki, na daktari akauliza, "Mwaka wa kwanza, kwa nini mlikataa vipimo?"

"Nani alikataa?" fundi akauliza.

Akamgeuzia faili. Iliandikwa: *Dada anasema mgonjwa anadeka, ni mawazo tu. Hawataki vipimo.*

Fundi alisoma mara mbili, akamrudishia daktari.

Dada aliporudi safari alikuja chumbani kwetu, fundi akamuuliza mbele yangu.

"Niliogopa watakukata tena," dada akasema. "Nilikuwa nakulinda."

"Kwa kusema nadeka?"

Dada akakaa, machozi yakamtoka. "Unanichoma moyo, mdogo wangu. Naumia."

"Pole, dada," fundi akasema, akivuta gauni la kwanza kati ya yale saba. "Ni mawazo tu. Jikaze."

Akatunga uzi, akaanza kurudishia mkono.