Nilirudisha bahasha mbele ya watu, msichana wangu akaenda kusoma India

Wakuu, hamjambo. Nimeona vijana humu wakibishana ati watoto wetu huenda kusoma nje kwa sababu ya kuringa. Wacha niwaambie yangu. Mtu wa hapa kwetu Gitothua wa umri wangu akisoma hii atajua sijaongeza chumvi.

Mimi nilifika darasa la tatu, basi. Nyumba zangu hapa Ruiru nimejenga na mawe nilichonga mwenyewe kwa kwari, huko machimboni. Siombi pole. Nataka tu ujue ni nani anaandika.

Miaka ya tisini msichana wangu Wairimu alipita form four vizuri. Alitaka kusomea mambo ya dawa. Chuo kimoja huko Thika, sitakitaja, kikamwita interview, akapita.

Tukaenda kuuliza ataanza lini. Bwana wa ofisi akafunga mlango kwanza.

"Mzee, nafasi iko, lakini wengi wanaitaka. Wewe ni mtu mzima, unaelewa."

Nikamwambia sielewi. Nilielewa sana.

Wairimu alitoka hapo akilia. Nikamwambia, "Nyamaza. Huyo tukimpa leo, atataka tena wakati wa mtihani."

Mama yake akasema tulipe, kwani kila mtu si analipa? Nikakataa. Heri mtoto apande ndege.

Mtasema ni kiburi. Ndiyo, nilikuwa nacho, na bado ninacho.

Kulikuwa na ajenti wa kupeleka watoto ng'ambo. Akatuletea nchi mbili, India na ingine. Hiyo ingine akaisifu sana, ati mtihani ukikushinda kuna watu wa kuongea nao.

Wairimu akamkata. "Sasa hapo si ni kama Thika tu, tofauti ni ndege? Nipeleke India."

Nilicheka mpaka ajenti akakasirika.

Tukaitisha harambee. Siku hizi mnachanga kwa simu. Wakati huo ilikuwa hema nyumbani na spika, na kila bahasha inasomwa na jina la mwenyewe. Na lazima kuwe na jogoo wa mnada: unamnunua, halafu unamrudisha auzwe tena.

Sasa nani anaingia na suti? Bwana wa ofisi! Kumbe bibi yake ni wa kanisa letu. MC akasoma jina lake, bahasha nene kuliko zote, watu wakapiga makofi. Akanipungia mkono kama rafiki.

Nikachukua maikrofoni.

"Hii irudi kwa mwenyewe. Kama si yeye, mtoto wangu angekuwa anasomea hapo Thika, na nyinyi mngekuwa kwenu mmepumzika."

Mke wangu akanivuta koti. "Baba Wairimu! Umefukuza tiketi ya mtoto!"

Na alikuwa na haki. Bwana akaenda na bahasha yake, na sisi bado hatujafikisha pesa ya tiketi.

Hapo Cucu Njoki, mama mzee jirani wangu wa kuuza mboga, akasimama. "Lete huyo jogoo."

Akamnunua. Akamrudisha. "Auzwe tena!"

Fundi wa baiskeli akamnunua, akamrudisha. Hata wapangaji wangu, wale nilikuwa nawafungia milango wakichelewesha rent, wakamnunua. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, leo hutufungii!" MC alipoteza sauti. Jogoo mwenyewe alizungushwa mpaka akanyamaza.

Tiketi ikatoka hapo.

Wairimu alisoma, akarudi. Ako na chemist yake Kamenu, huko huko Thika, mpaka leo. Jogoo hatukumla. Alizeekea kwangu akiwika saa zisizo zake, na hakuna mtu alithubutu kumgusa.

Kwa hivyo msiniambie mambo ya kuringa. Mtoto anafukuzwa nyumbani na mtu mmoja nyuma ya mlango. Na akichagua pa kwenda, anauliza kwanza kama huko pia kuna mlango kama huo.

Wewe wako alienda nchi gani, na ni nani alimsukuma? Andikeni hapa. Wa kunitusi pia akaribie, nimezoea kugonga mawe.

Lakini ukiambiwa "unaelewa", usimlipe. Tafuta jogoo.